Miguu ya Mbele Kutoka Karatina

Pikipiki ile niliachiwa na nesi Mzungu wa misheni alipofunga mizigo yake kurudi kwao, miaka michache baada ya uhuru. Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, ya silinda moja, nzito kama ndama. "Ichukue wewe," aliniambia, "kabla wanaume hawajaanza kuigombania." Mimi nilikuwa mkunga katika zahanati moja ya Tetu, mwanamke wa Kangema, upande wa Murang'a, niliyeolewa huko, na kina mama wengi walikuwa ng'ambo ya mabonde, wasiweze kunifikia. Nikaichukua. Nilivaa suruali ya mume wangu chini ya gauni la kazi, nikafunga kitambaa kichwani, nikajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa kanisa. Watu walisema waliyosema. Baadaye waliacha kusema, wakabaki kuniita wake zao waliposhikwa na uchungu.

Ubaya wake ulikuwa breki ya mbele. Ilikuwa ile ya zamani ya viatu, vipande viwili vinavyojitanua ndani ya kikombe cha gurudumu na kukisugua. Kwenye jua ilishika kidogo. Kwenye mvua haikushika kabisa, na Tetu ni mvua, na barabara zake zote huteremkia mtoni. Ile miguu miwili ya mbele inayobeba gurudumu nayo ilikuwa imechoka. Springi zilikwisha nguvu, na kila shimo nililolipita nililisikia mabegani. Siku moja nikiteremka kwenda mto Gura nilifinya breki nikaona kama nimefinya mkate. Niliingia katikati ya shamba la majani chai pamoja na sanduku langu la dawa, nikatoka upande wa pili nikiwa hai.

Mume wangu ndiye aliyekuja kunichukua. Alikuwa dereva wa lori la chama cha kahawa, na alikuwa na mikono ya fundi ingawa hakuna aliyemfundisha. Alinitoa majani ya chai kwenye nywele moja moja, wala hakucheka.

"Hii itakuua, mama," alisema. Aliniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao wakishazaa. Tulikuwa na msichana mmoja, wakati huo akiwa darasa la pili.

"Nitaenda polepole."

"Si mwendo. Ni breki. Niachie mimi."

Ulikuwa ule wakati kahawa ilipopanda bei mpaka vijana waliokuwa wakitembea kwa miguu wakanunua pikipiki mpya za Kijapani, zenye breki ya sahani, ile ya chuma inayobanwa pande mbili na kuendeshwa kwa mafuta badala ya waya. Zilikuja kwa wingi na nyingine zikavunjika kwa wingi. Kwa hiyo sikushangaa mume wangu aliporudi siku moja kutoka safari na kushusha chini ya magunia matupu sehemu nzima ya mbele ya pikipiki ya Kijapani: miguu miwili inayong'aa, gurudumu, sahani yake, mpira wa mafuta, na kile kitenki kidogo kinachokaa kwenye usukani.

"Umetoa wapi?" niliuliza.

"Kuna pikipiki iligongwa na lori huko Karatina, kwa nyuma. Mbele haikuguswa. Angalia." Aliviringisha mguu mmoja juu ya meza yetu ya kulia chakula, nami nikainama nikachungulia chini yake. Haukuyumba hata kidogo. Ulikuwa umenyooka kabisa.

Kazi ile ilichukua Jumamosi kadhaa, na siku nyingine Jumapili baada ya ibada. Nikiri kwamba ilikuwa miongoni mwa siku nzuri za ndoa yangu. Tuliinua pikipiki juu ya kreti za soda nyuma ya nyumba. Tulipoitoa miguu ya zamani, gololi za chuma za shingo ya usukani zilimwagika kwenye nyasi na sisi watatu, pamoja na mtoto, tukatambaa tukizitafuta. Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jikoni akicheka, akasema hajawahi kuona familia nzima ikila nyasi.

Mhimili wa miguu mipya ulikuwa mwembamba kuliko shingo ya fremu yetu. Mume wangu aliupeleka Nyeri mjini kwa fundi wa mashine ya kukereza, akakerezewa bushi mbili za chuma za kujaza ile nafasi. Ya kwanza ilikuja imezidi kwa unene wa karatasi. Mwingine angeipiga nyundo mpaka iingie. Yeye aliirudisha. "Hapa ndipo uhai wako utakapokaa," aliniambia, "siwezi kupiga nyundo." Vishikio vya taa alivikata mwenyewe kwa msumeno, akavipiga tupa mpaka kingo zikawa laini, eti nisije nikachanika mkono.

Mwisho tukatoa hewa kwenye breki. Yeye alilala chali chini ya gurudumu na spana ndogo, kampira kakiingia kwenye chupa ya jemu, mimi nimeketi juu nimeshika kishikio.

"Finya."

Nikafinya.

"Shikilia. Usiachie."

Nikashikilia. Mafuta yakatoka na mapovu.

"Achia."

Tulirudia hivyo kwa muda mrefu, finya, shikilia, achia, mpaka mapovu yakaisha na kishikio kikawa kigumu mkononi mwangu. Alitoka pale chini na mafuta kwenye kidevu, akasema, "Ya zamani ulikuwa unaiomba. Hii utaiamrisha."

Na kweli. Nilipoijaribu kwenye mteremko nilifinya kwa mazoea ya zamani, kwa nguvu zote, karibu inirushe juu ya usukani. Nikajifunza kutumia vidole viwili. Miguu ile ilimeza mashimo. Kina mama niliokuwa nikiwafikia nikiwa nimechoka sasa niliwafikia nikiwa na nguvu za kazi. Kila aliyeniuliza nilimwambia kwa fahari, "Bwana yangu ndiye aliyenitengenezea." Kanisani wanawake walimsifu mbele yake, naye akatazama viatu vyake. Nilidhani ni haya.

Basi, mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, nilitumwa Karatina kwenye mafunzo ya wakunga. Mume wangu alikuwa safarini na lori. Nilipofika karibu na mji nikaona mguu wa kushoto wa mbele unalia mafuta. Kizuizi chake cha mpira, ile sili inayozuia mafuta yasitoke, kilikuwa kimechanika, na mafuta yalikuwa yameshuka mpaka kwenye sahani. Breki haikushika tena. Mafunzo yalipokwisha mchana niliisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mmoja karibu na stesheni ya reli.

Aliinama, akapitisha kidole kwenye mguu, akanitazama.

"Mama, hii foku, hii miguu ya mbele, naijua."

"Unaijua vipi?"

"Ilikuwa ya mteja wangu. Marehemu sasa. Lori lilimpata kwa nyuma hapo juu, barabara ya Nyeri. Alikuwa amenunua sili mpya Nairobi, hakuwahi kuziweka. Lazima ziko kwa dada yake. Anakaa hapo nyuma ya shule, nyumba yenye maua kwenye mikebe. Mwambie ni mimi nimekutuma."

Nilifurahi. Nilifikiri nitampa pole yule dada, nimshukuru, na nirudi nyumbani na sili mkononi kumshangaza mume wangu.

Nyumba ilikuwa ya mbao, safi, na maua mekundu yalikuwa yamepangwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Mwanamke alitoka kabla sijabisha. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, na alikuwa na mimba kubwa. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama pikipiki, akaja akaweka kiganja juu ya ule mguu wa chuma, akakiacha hapo. Kisha akainua uso, na macho yake yalikuwa yamelowa lakini alikuwa akitabasamu.

"Ni wewe nesi," alisema. "Karibu. Karibu sana, wifi."

Nilidhani ni neno la heshima tu. Watu huitana hivyo. Nikamwambia nimetumwa na fundi, nina shida ya sili.

"Ziko. Ingia kwanza, huwezi kusimama nje kama mgeni. Alisema atakuleta siku moja, kila siku ni kesho, kesho. Kumbe ungekuja mwenyewe!"

"Nani alisema?"

"Kaka yako." Alicheka. "Au uko na makaka wangapi?"

Niliingia. Sijui kwa nini niliingia. Miguu ilienda yenyewe. Ukutani kulikuwa na picha ya studio. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono begani pa mwanamke huyu, na alikuwa amevaa sweta ya kijani niliyomfuma mwenyewe, yenye kosa la mistari karibu na kola ambalo ni mimi tu niliyekuwa nikiliona. Nililiona.

Nikaketi. Alinimiminia chai. Aliongea kama mtu aliyengoja muda mrefu kupata wa kuongea naye. Alisema wakati ndugu yake alipokufa hakutaka mtu aguse ile pikipiki. Lakini bwana yake akamweleza kwamba dada yake ni mkunga, anateremka milima ya Tetu kwa breki mbovu kwenda kuokoa watoto wa watu, na siku moja ameanguka kwenye majani chai. "Nikasema kama ni hivyo, ichukue. Ndugu yangu angependa. Afadhali itembee kwa kazi kama hiyo kuliko ioze hapa." Akanishika mkono. "Na unaongea kama mtu wa Murang'a, wewe."

"Nimekaa huko," nilisema.

"Na msichana wako anaendelea aje? Nilisikia habari ya baba yake. Pole, wifi. Kukuachia mtoto na kutoroka hivyo! Lakini Mungu amekupa kaka mzuri. Anasema yeye ndiye anamlipia shule."

Nimeulizwa mara nyingi, na wale wachache ninaowaamini, ni lipi liliniuma zaidi. Watu hudhani ni ile picha. Wanaume wa kwetu wameoa wawili tangu zamani, na baba yangu mwenyewe alikuwa na wake wawili. Tulijua nyumba ya pili iko wapi na tulipelekwa huko kula. Angesema nina mke mwingine, ningelia, ningegomba, pengine ningekaa. Lakini mtu huyu alikuwa ameketi mahali hapa, kwenye kiti hiki labda, akanitoa katika maisha yake kama mke na kunirudisha kama dada, na mtoto wake mwenyewe akamfanya mtoto aliyekimbiwa na baba. Na huyo baba aliyekimbia akamlaani pamoja na huyu mwanamke, bila shaka, akitikisa kichwa.

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Ndipo akainua kikombe, nikaona vidole vyake. Pete ilikuwa imezama kwenye nyama. Nikatazama miguu: imevimba mpaka kwenye magoti, ngozi inang'aa. Uso pia, nilipoutazama vizuri kama mkunga badala ya kuutazama kama adui.

"Kichwa kinakuuma?" nikamuuliza.

"Tangu juzi. Na wakati mwingine naona kama nyota. Mama alisema ni uchovu."

"Mama gani?"

"Mama yenu! Hakukwambia? Alikuja wiki jana, akaniletea maziwa na uji, akanipaka mafuta tumbo. Anasema ni kijana."

Mama mkwe. Alikuwa amesema anakwenda mazishini Mathira. Nilimfungia kile kibuyu cha maziwa mwenyewe, nikakifunika kwa jani la mgomba kisimwagike.

Nilikwenda kwenye pikipiki nikafungua sanduku, nikaleta kipimo cha presha. Mikono yangu ilikuwa imefanya kazi ile muda mrefu mno kujali yaliyonipata. Nilifunga kitambaa kwenye mkono wake, nikapuliza, nikasikiliza. Presha ilikuwa ya kutisha. Mwanamke aliye hivyo huweza kupata kifafa cha mimba wakati wowote, na hofu au hasira humwongezea hatari. Basi lile neno nililokuwa nalo mdomoni nililimeza. Halikuwa jambo la ukarimu. Ningelitema lingemwua, na mtoto pia, nami nisingeweza kujiita mkunga tena.

"Unaenda hospitali sasa hivi," nilimwambia. "Si kesho."

"Lakini yeye hayuko."

"Hahitajiki."

Jirani alikuwa na pikapu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, upande wa kushoto, nami nikafuata na breki ya nyuma peke yake, gia ya pili, mpaka hospitali. Nilimweleza nesi wa zamu kila kitu nilichokiona. Aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mkunga tu," nikasema.

Walipokuwa wakimwingiza, aliushika mkono wangu. "Wifi, usiniache."

"Uko mahali pazuri," nilimwambia, nikauondoa mkono wangu polepole.

Nilirudi Tetu siku hiyo hiyo, nikisimama kila baada ya mwendo mdogo kufuta mafuta kwenye sahani kwa leso. Mama mkwe alikuwa akikamua. Aliniona uso, akaacha kukamua, ndoo ikiwa magotini. Alijua. Sikuhitaji kumwambia nilikotoka.

"Mama," nilisema, "mimi ni nani hapa?"

"Usiulize hivyo."

"Kule Karatina mimi ni binti yako. Hapa je?"

Alimtazama ng'ombe. Alikuwa mama mwema kwangu, na hilo si neno la kulainisha. Alinilelea mtoto tangu akiwa na wiki kadhaa ili nirudi kazini, na nilipougua homa alinilisha kwa kijiko. "Ni mtoto wangu," alisema mwishowe. "Ungetaka nifanye nini? Alisema nikikwambia utaondoka. Mimi sikutaka uondoke."

"Kwa hiyo ulinidanganya nikae."

"Nilinyamaza tu."

"Ulinifanya nifunge maziwa yake kwa mikono yangu."

Akaanza kulia pale kwenye kigoda. Mimi sikulia. Nilikwenda kumwosha mtoto miguu.

Mume wangu alifika kesho yake saa za chai. Nilisikia lori likizima, nikamsikia akiimba kidogo, halafu nikasikia mama yake akimwambia jambo kwa sauti ya chini, na wimbo ukakatika. Aliingia akavua kofia. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ile ile aliyoviringishia mguu wa chuma.

"Mke wako yuko hospitali," nilisema. "Presha. Nimempeleka mimi. Uende ukamwone."

Nilingoja akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, si kwa alichofanya. Alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Mtoto akiwa darasa la saba?"

"Sikutaka kuwaumiza. Wewe wala yeye. Angejua niko na mke hangekubali. Wewe ungejua ungeondoka. Ati ningefanyaje?"

"Ukanifanya dada yako."

"Lilikuwa neno tu."

"Na mtoto ukamfanya wa mtu aliyetoroka."

Hapo aliinamisha kichwa. Alipokiinua alisema neno ambalo sijaacha kulisikia. Alisema kwa upole, akionyesha dirishani ilipokuwa pikipiki, "Lakini nakuuliza kitu kimoja. Ile breki, imewahi kukudanganya?"

Niligeuka nikaitazama. Bushi ile aliyoirudisha kwa sababu ya unene wa karatasi, vishikio alivyovipiga tupa nisichanike. Kazi ile yote ilikuwa ya kweli. Alinitengenezea kwa moyo, na vifaa akaviomba kwa mwanamke mwingine kwa uongo, na katika kichwa chake mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana. Angekuwa mtu mbaya tu, ningejua namna ya kumchukia. Nilishindwa kujua ni siku gani kati ya zile Jumamosi alikuwa wangu.

"Nenda hospitali," nilimwambia tena. Akaenda.

Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa, msichana, mdogo lakini wa kupiga kelele. Mama yake alipona polepole. Nilingoja mpaka nilipoambiwa presha imeshuka na amekaa sawa, kisha nikaenda Karatina nikiwa na sare yangu, nikaketi kando ya kitanda. Mume wangu alikuwa bado hajamwambia. Alikuwa ameketi pale kila siku akishika mkono wake na bado hajamwambia.

Nilimweleza kwa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto kifuani.

"Siku ile," alisema, "ulipokunywa chai yangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua ulipokuwa unaongea."

"Na ukaniacha nikuite wifi. Mpaka hospitali. Nilikushika mkono nikikuita wifi."

"Presha yako isingevumilia."

"Najua. Wewe ni nesi." Alisema hivyo kana kwamba ni tusi. Alimfunika mtoto vizuri, kisha akasema, "Nilimpa mali ya ndugu yangu, kwa sababu ya dada yake. Nilikuwa nafikiria juu yako unapoteremka milima. Nilikuwa nakuombea."

Aligeuza uso ukutani. Nilikuwa nimekuja nikidhani kwamba tutakuwa wawili tuliodanganywa na mtu mmoja, na kwamba jambo hilo litatuweka upande mmoja. Halikutuweka. Kwake mimi nilikuwa sehemu ya uongo ule, sura ambayo uongo huo ulimjia nayo mlangoni, na sikuweza kumlaumu.

Niliitoa miguu ile mwenyewe. Nilijua kila bolti kwa sababu nilikuwepo kila bolti ilipofungwa. Ya zamani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti za stoo, imepakwa grisi na kufungwa kwa gunia, maana mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Msichana wangu alikamata tochi bila kuuliza swali hata moja, na hilo liliniuma pia. Kazi ilinichukua siku nzima ya mapumziko na nilichubua vidole vyote. Miguu ya Kijapani, gurudumu, sahani na kitenki nilivisafisha, nikavifunga kwenye blanketi, na gari la zahanati lililokuwa likienda Karatina likavipeleka mpaka nyumba ile nyuma ya shule. Dereva aliporudi alisema mwanamke alivipokea, akavitazama, akafunga mlango. Hakutuma neno.

Wazee walikaa mara mbili kwa shauri letu. Walisema mambo ya wazee: kwamba mwanamume ana haki ya kuongeza, kwamba nina kazi nzuri na nyumba nzuri, kwamba hakuna aliyenipiga. Mchungaji alisema nisamehe. Nilimwambia mchungaji kwamba siwezi kusamehe nikiwa shangazi wa mtoto wa mume wangu. Hakunielewa, au alijifanya. Niliomba uhamisho, nikapelekwa upande wa Kieni, zahanati karibu na Chaka, nikapewa chumba cha wafanyakazi. Msichana wangu nilikwenda naye. Huko ni tambarare na vumbi na upepo wa mlima, na barabara hazina miteremko ya kumwua mtu. Breki ya zamani ilitosha.

Yule wa Karatina hakukaa naye pia. Nilisikia alirudi kwa mama yake na mtoto, akafungua duka la nguo. Mume wangu aliendelea na lori, akaishi na mama yake, na wote wawili wakazeeka katika nyumba ile bila kelele za mtoto. Mama mkwe alinitumia salamu kila mara alipopata mtu wa kuja Chaka. Nilizipokea. Sikurudisha.

Mume wangu mwenyewe alikuja mara moja tu. Ilikuwa siku ya soko, miaka miwili baadaye, nami nilikuwa nikijiandaa kutoka kwenda kliniki ya watoto. Alimletea msichana viatu vya shule, na vilikuwa vidogo. Alikuwa amekisia mguu aliouona mara ya mwisho. Mtoto alisema asante, akaingia ndani. Tukabaki wawili uwanjani na pikipiki kati yetu.

Aliizunguka. Aliona miguu ya zamani. Aliinama kwa mazoea, akaweka mkono kwenye shingo ya usukani, akaitikisa taratibu huku na huku akisikiliza.

"Ni nani alirudisha hii?"

"Mimi."

"Umefanya vizuri." Akaitikisa tena. "Lakini nati ya juu imelegea. Gololi zinacheza. Uko na spana kubwa? Ni dakika moja tu."

"Iache."

"Itakuangusha, mama."

"Nimesema iache. Na usiniite hivyo."

Alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. Alitazama mlango ambao mtoto aliingilia, akangoja kidogo, kisha akaondoka kuelekea barabara kuu. Nilimtazama mpaka alipopotea nyuma ya malori ya viazi. Ndipo nikaingia ndani nikaleta spana, nikainama pale alipokuwa ameinama, nikaitikisa shingo ya pikipiki.

Alikuwa amesema kweli. Ilikuwa imelegea. Nikaikaza, nikafunga sanduku la dawa, nikaenda kliniki, ambako kina mama walikuwa wameshapanga foleni.